Neno Ndani ya Vazi: Mchoro na Ushairi katika Mavazi ya Jadi ya Hawaii

Ikisiri

Makala haya yanajadili kazi za sanaa zinazounganisha mchoro na ushairi zikichota msukumo wake katika mavazi ya jadi ya Hawaii. Hoja kuu ni kwamba katika Hawaii ya kale neno na vazi havikutengana, ingawa hapakuwa na hata herufi moja iliyoandikwa juu ya nguo. Neno lilikaa mdomoni mwa aliyevalisha na katika mafundo ya aliyesuka. Herufi zilipolifikia vazi, zilipita njia mbili: njia ya mkusanyaji aliyeandika kibandiko, na njia ya Malkia Liliʻuokalani aliyetarizi maneno kwenye mfarishi akiwa kifungoni mwaka 1895. Makala yanadai kwamba kazi ya leo ya mchoro na shairi hupimwa kwa kuuliza imefuata njia ipi kati ya hizo mbili. Ili kuupima mzani huo, mwandishi anaweka beti mbili alizotunga mwenyewe kuhusu joho la manyoya.

Utangulizi

Msanii anapochora pāʻū, yaani vazi la kike la kujifunga kiunoni, kisha akaandika shairi kando yake, msomaji ana haki ya kuuliza shairi hilo linafanya kazi gani pale. Ikiwa mchoro umekwisha kuonyesha rangi, mikunjo na nakshi, kuna haja gani ya maneno kurudia kwamba nguo ni nyekundu na mikunjo yake ni mingi? Na ikiwa shairi linajitosheleza, mchoro umewekwa wa nini? Kazi nyingi za aina hii hukwama hapo. Huwa na kurasa mbili nzuri zinazosema jambo moja mara mbili.

Msomaji wa Kiswahili ana silaha ya kulikabili swali hili, nayo ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Mji ukiwa na korosho, jina halisemi kuwa hizi ni korosho. Jina linamsema jirani, linamshukuru mama, linamjibu mke mwenza. Picha na neno vinakaa katika kitambaa kimoja bila kufanya kazi moja, na anayevaa ndiye anayeviunganisha anapopita mbele ya mtu aliyekusudiwa. Ndiyo maana mnunuzi hugeuza doti dukani atafute jina kabla ya kupatana bei.

Hata hivyo, kanga inatupa swali tu, jibu lake tutalitafuta Hawaii kwenyewe. Jina la kanga ni herufi zilizopigwa chapa kwenye pamba. Wahawaii walikuwa na nguo zenye nakshi za hali ya juu kwa karne nyingi kabla ya lugha yao kuanza kuandikwa, na uchapaji wa Kihawaii ulianza mwaka 1822 tu. Kwa hiyo anayetaka kuweka mchoro na shairi katika ukurasa mmoja kwa jina la mavazi yao lazima kwanza ajue neno lilikaa wapi wakati ambapo halikuandikwa.

Vazi lisilo na herufi

Nguo ya msingi ya Hawaii ilikuwa kapa, inayotengenezwa kwa gome la ndani la mti wa wauke, ambao ni wa jamii ya mforsadi. Mabaharia wa Polinesia ndio waliouleta visiwani katika mitumbwi yao. Wasomaji wa Uganda wanaoujua ufundi wa lubugo wataitambua nyundo ya mbao yenye mifuo na sauti yake, lakini hatua za Hawaii zina upekee. Gome huambuliwa, huloweshwa, hupigwa juu ya jiwe kwa rungu la mviringo, huachwa lichachuke, kisha hupigwa tena juu ya gogo kwa kipigio chenye pande nne kiitwacho iʻe kuku. Kila upande wa kipigio hicho umechongwa nakshi yake, kama vile mistari, nyavu au meno ya papa, na nakshi hiyo huingia ndani ya kitambaa chenyewe. Ukiiweka kapa mezani huenda usiione. Ukiinua kapa kwenye mwanga, inajitokeza.

Juu ya nakshi hiyo iliyojificha huja nakshi ya pili, inayoonekana. Wahawaii walichonga vipande vyembamba vya mwanzi, ʻohe kāpala, wakavichovya katika rangi na kupiga chapa mistari na pembetatu. Rangi ya manjano ilitoka kwenye bizari, nyeusi kwenye masizi ya kokwa za kukui, nyekundu kwenye udongo na kwenye mizizi ya noni. Kisha nguo ilitiwa manukato ya majani ya maile au unga wa msandali. Wanaume walijifunga malo, utepe mrefu uliopita kiunoni na katikati ya mapaja. Wanawake walijifunga pāʻū, mara nyingi ya matabaka kadhaa. Jinsia zote zilivaa kīhei, shuka lililofungwa fundo begani.

Mchoraji ataona hapo utajiri wa kutosha na pengine ataanza kazi. Lakini nguo hizi hazikuvaliwa kimya. Katika mkusanyo wake wa nyimbo za hula, ngoma ya jadi ya Hawaii, uliochapishwa mwaka 1909, Nathaniel Emerson alionyesha kwamba wachezaji walipokuwa wakijifunga pāʻū palikuwa na wimbo maalumu wa kuimba, na walipovaa mapambo ya miguuni palikuwa na mwingine. Mele, yaani wimbo, hiyo ya pāʻū ni somo kubwa kwa mada yetu. Haikai kwenye nguo ikaielezea. Inaanza na kitendo cha kujifunga na rangi ya kitambaa, kisha mara moja inaruka kwenda kwenye magenge ya kaskazini ya kisiwa cha Hawaii, Honokāne na Waipiʻo, ambako matabaka ya mwamba yanakuwa matabaka ya nguo. Mchezaji anapomaliza kufunga fundo la kiunoni, amekwisha kujivika nchi. Hayo hayaonekani katika pāʻū hata ukiitazama siku nzima. Yamo katika mele.

Joho la manyoya, ʻahuʻula, linalisisitiza jambo hilo kwa namna nyingine. Lilivaliwa na wanaume wa tabaka la watawala, aliʻi, na utengenezaji wake ulihitaji manyoya mekundu ya ʻiʻiwi na ya manjano ya ʻōʻō na mamo. Manyoya hayo yalifungwa, kishada kwa kishada, kwenye wavu wa nyuzi za olonā, mmea wa misituni wenye nyuzi imara mno. Joho la mamo la mfalme Kamehameha I, lililopo katika Jumba la Makumbusho la Bishop mjini Honolulu, linakadiriwa kuwa na manyoya 450,000 ya ndege wapatao 80,000. Adrienne Kaeppler, mwanaanthropolojia aliyeyachunguza majoho haya kwa miongo mingi, alitoa hoja kwamba sala na nasaba zilisomwa wakati wavu ukifungwa, hivi kwamba mafundo yaliyanasa maneno hayo yapate kumlinda mvaaji. Kwa maelezo hayo, joho lilikuwa limejaa neno kutoka ukingo hadi ukingo. Neno hilo liliingia kwa pumzi na kidole, na makazi yake yalikuwa upande wa nyuma, ule usioonyeshwa.

Hata masimulizi ya asili yanaiweka nguo katika nasaba na katika kazi. Māui alilinasa jua juu ya mlima Haleakalā ili siku irefuke na kapa za mama yake, Hina, zipate kukauka. Wauke inasemekana uliota kutokana na mwili wa Maikohā, na binti zake Lauhuki na Laʻahana wakawa walezi wa watengenezaji wa kapa. Anayejifunga malo, kwa mtazamo huu, amejifunga jamaa.

Kutokana na ushahidi huo, mtu akisema kwamba mchoro na ushairi ni sanaa mbili zinazokutanishwa na ubunifu wa msanii wa leo, amekosea mpangilio. Vilikuwa pamoja. Kilichotokea ni kwamba vilitenganishwa, na aliyevitenganisha anajulikana.

Kibandiko: neno la mkusanyaji

Nahodha Mwingereza James Cook alifika Hawaii Januari 1778 akiwa na mchoraji wa safari, John Webber. Michoro ya Webber ni hazina. Bila hiyo tungejua machache mno kuhusu jinsi kofia za manyoya, majoho na shuka zilivyokaa juu ya miili ya watu walio hai. Tarehe 26 Januari 1779, katika ghuba ya Kealakekua, mtawala Kalaniʻōpuʻu alilivua joho lake mwenyewe na kumvika Cook mabegani, akamvika na kofia yake ya manyoya. Wiki tatu baadaye Cook aliuawa papo hapo Kealakekua. Joho liliondoka na meli, likapita mikononi mwa wakusanyaji wa Uingereza, likafika Wellington mwaka 1912, likarudi Honolulu mwaka 2016 kwa mkopo, na mwaka 2020 makumbusho ya Te Papa ya Wellington yakalirudisha moja kwa moja. Lina manyoya yapatayo milioni nne.

Katika safari hiyo yote ya zaidi ya karne mbili, joho halikukosa maneno. Lilikuwa na namba, maelezo ya vitu lilivyotengenezwa navyo, vipimo, jina la aliyelitoa na la aliyelipokea. Hayo ndiyo ninayoyaita kibandiko. Kibandiko si uongo, na wala si uovu kwa lazima, maana mtafiti hawezi kufanya kazi bila hicho. Tabia yake ni kwamba kinamwambia mtazamaji kitu ambacho vazi lenyewe halihusiki nacho. Kinalisema vazi katika nafsi ya tatu. Mele iliyoimbwa wakati wa kufunga fundo ililisemesha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kitabu alichotoa Alexander Shaw mjini London mwaka 1787. Shaw alichukua nguo za magome zilizokusanywa katika safari tatu za Cook, zikiwemo za Hawaii, akazikata vipande vidogo, akavifunga ndani ya vitabu pamoja na maelezo yaliyochapwa. Nakala moja haifanani na nyingine kwa vipande vilivyomo. Kwa umbo lake, kitabu hicho ni kazi ya nakshi na neno ndani ya jalada moja, tena si mchoro wa kapa bali kapa yenyewe. Lakini nguo iliyokuwa na urefu wa kumzunguka mtu sasa ni kiraka cha kutoshea ukurasa. Haiwezi kufungwa kiunoni wala kuinuliwa kwenye mwanga na mikono miwili. Neno lililo kando yake linaeleza ilikotoka, na yeyote aliyekuwa ndani ya nguo hiyo hatajwi.

Ninakitaja kitabu cha Shaw kwa sababu kazi nyingi za leo za mchoro na shairi kuhusu mavazi ya Hawaii ni watoto wake bila kujijua. Zina huruma zaidi, rangi bora zaidi na karatasi nzuri zaidi. Hata hivyo shairi linapoorodhesha sehemu za vazi kwa lugha tamu, limeandika kibandiko chenye vina.

Sindano ya Malkia

Njia ya pili ilianza katika mazingira ambayo hayakuahidi chochote. Kapu, mfumo wa miiko ya kale, ulivunjwa mwaka 1819 baada ya kifo cha Kamehameha I. Wamisionari wa Marekani walifika mwaka uliofuata, na kabla hata ya kushuka melini wake zao walikuwa wameketi na wanawake wa tabaka la aliʻi wakishona magauni. Pamba na hariri zilisukuma kapa nje ya maisha ya kila siku. Vazi likawa uwanja wa mvutano. Mwaka 1825 meli ya Uingereza iitwayo Blonde ilileta miili ya Kamehameha II na mkewe Kamāmalu, waliofariki London kwa surua mwaka uliotangulia. Binti mfalme Nāhiʻenaʻena alikuwa ametengenezewa pāʻū ya manyoya ya manjano yenye urefu wa mita sita hivi. Mila ilitaka aivae kifua kikiwa wazi, ilhali walezi wake wa Kikristo walitaka ajifunike. Akaivaa juu ya gauni la kizungu. Baadaye vazi hilo hilo likawa la kufunikia majeneza ya wafalme.

Wanawake wa Hawaii waliichukua sindano waliyopewa na kuifanya yao. Mifarishi ya Hawaii yenye majani makubwa yaliyokatwa kwa kitambaa kimoja inajulikana duniani kote. Ufalme ulipopinduliwa tarehe 17 Januari 1893, ikaenea mifarishi ya bendera, ambayo ilikuwa na bendera ya taifa, nembo ya kifalme na mara nyingi maneno ya Kihawaii ya kuienzi bendera hiyo, yameshonwa katikati. Hapa herufi zimeingia kwenye nguo, na hazifanyi kazi ya kibandiko. Hakuna mtu wa Honolulu aliyehitaji kuambiwa ile ni bendera ya nani. Maneno hayo yalitoka kwa mwenye mapenzi kwenda kwa kipenzi chake.

Kilele cha njia hii ni mfarishi wa Malkia Liliʻuokalani. Alikamatwa Januari 1895 baada ya jaribio la kurudisha ufalme, akahukumiwa, na akazuiliwa katika chumba kimoja cha ghorofa ya juu ya Kasri la ʻIolani hadi Septemba mwaka huo. Alinyimwa magazeti na wageni, ingawa habari zilipenya kupitia karatasi za magazeti zilizofungiwa maua aliyoletewa. Akiwa na mwanamke mmoja wa kumsindikiza, alianza kushona mfarishi wa viraka vya hariri na mahameli, wa miraba tisa. Juu yake kuna bendera, nembo, tarehe za kupinduliwa na kufungwa, na majina ya watu waliosimama naye. Unaonyeshwa hadi leo katika kasri hilo.

Mtu anaweza kudhani kwamba alitarizi kwa sababu hakuwa na karatasi. Sivyo. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1898 anaeleza kwamba aliruhusiwa karatasi na penseli, na alitunga nyimbo humo humo chumbani. Kifungo chake na miaka iliyofuata vilizaa pia tafsiri yake ya Kumulipo, utenzi wa nasaba na uumbaji wenye mishororo zaidi ya elfu mbili, iliyotoka mwaka 1897. Kwa hiyo kitambaa kilichaguliwa. Kwa nini?

Jibu langu ni kwamba majina yale yalihitaji mahali pa kufungiwa, na utamaduni wake ulikuwa umeamua zamani kwamba mahali hapo ni nguo. Mtengeneza wavu wa ʻahuʻula alinasa nasaba katika mafundo ili imkinge mtawala. Malkia asiye na kiti alinasa majina ya waaminifu wake katika tarizi. Mkono ni ule ule uliobadilisha uzi. Tofauti ni kwamba neno sasa lilihitaji kuonekana, kwa sababu midomo iliyopaswa kulitamka ilikuwa imezuiwa kumfikia, na mwaka mmoja baadaye, mwaka 1896, sheria ingeifanya lugha ya Kiingereza kuwa ndiyo ya kufundishia katika shule zote. Herufi ziliingia kwenye vazi la Hawaii wakati sauti ilipokuwa ikiondolewa katika hadhara. Huo ndio ukoo wa kihistoria ambao msanii wa leo wa mchoro na shairi anaweza kuudai kwa haki.

Jaribio: joho moja, beti mbili

Hoja ya kinadharia inahitaji kupimwa kwa mkono. Tuseme msanii amechora ʻahuʻula kwa wino na rangi za maji: nusu duara, uwanja mwekundu, hilali za manjano. Ubeti wa kwanza ninaoutunga kando yake ni huu:

Joho jekundu tazama, manjano li pembezoni,
Kama mwezi kuandama, li wazi hadi shingoni,
Mabegani laegama, laning'inia mgongoni,
Ni vazi lenye heshima, la wakuu wa zamani.

Vina vimetimia, na mizani kwa jumla imekaa. Ila ukiufunika mchoro kwa kiganja, hupotezi kitu, na ukiufunika ubeti, hupotezi kitu pia. Mshororo wa nne ndio unaoufichua ubeti wote: "wakuu wa zamani" ni lugha ya kabati la kioo, inayomweka mvaaji mbali, tena bila jina.

Sasa tuugeuze mchoro. Msanii achore upande wa nyuma, wavu wa olonā, na manyoya yachungulie ukingoni tu. Kando yake uwekwe ubeti huu:

Ewe uzi wa olona, uliojificha ndani,
Fundo lashika majina, pumzi i mafundoni,
Watu manyoya waona, wewe hawakuthamini,
Likishamtoka bwana, jina hubaki kwa nani?

Sidai kwamba ubeti huu ni mele. Mele ina lugha yake, mabwana wake na hasa kaona yake, ile maana ya chini inayofahamika kwa aliyefundwa. Ninachodai ni kidogo zaidi. Ubeti wa pili unausemesha uzi, na mshororo wake wa mwisho hauwezi kujibiwa na mchoro wala na kibandiko. Aliyeisoma habari ya Kealakekua atajua bwana gani alilivua joho. Asiyeisoma atabaki na swali la kumpeleka kwenye habari hiyo. Na mchoro nao umelazimika kubadilika. Shairi lilipoacha kueleza, mchoraji alipaswa kuchagua upande ambao macho hayaupati kwa kawaida.

Jaribio hili linatoa kanuni tatu. Kwanza, shairi libebe kile ambacho mstari hauwezi, kwa mfano mlio wa iʻe kuku, harufu ya maile, nasaba, mwiko, na nakshi inayosubiri mwanga. Pili, shairi lisemeshe badala ya kuelezea. Tatu, mchoro ukubali kuachia sehemu tupu. Kanuni ya tatu ni ngumu kwa wachoraji wazuri. Fikiria manjano ya mamo. Ndege huyo ametoweka tangu mwishoni mwa karne ya 19, na wa mwisho wa jamii ya ʻōʻō alisikika akiimba kisiwani Kauaʻi mwaka 1987. Kuipaka manjano hiyo kikamilifu ni kumdanganya mtazamaji kwamba inaweza kupatikana tena. Karatasi ikiachwa nyeupe mahali pa manyoya hayo, shairi linapata kazi ya kweli, ambayo ni kumtaja ndege.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la kisanaa. Kuna wanaosema kwamba nakshi ya kapa ni lugha kamili, na kuiwekea shairi ni kuidharau. Wana ushahidi mzuri. Watengenezaji wa kapa waliofufua ufundi huu katika mwamko wa utamaduni tangu miaka ya 1970, miongoni mwao Puanani Van Dorpe na Marie McDonald, walifanya kazi kubwa ya kujifunza upya gome, maji na mkono, na kapa zao hazihitaji msaada wa ushairi ili zisimame. Ninakubali kuhusu kapa. Sikubali kuhusu mchoro wa kapa. Mchoro umekwisha kuiondoa nguo kwenye mwili, kwenye mwanga na kwenye harufu, na kwa hiyo una deni. Historia ya shati la aloha inaonyesha kinachotokea deni lisipolipwa. Shati hilo lilipoanza kuuzwa Honolulu miaka ya 1930, nakshi za visiwa zikawa pambo la mgeni, na kadiri biashara ilivyokua ndivyo nakshi za kapa zilivyosafiri duniani bila jina la mtu, mahali wala wimbo. Haunani-Kay Trask, mshairi na mwanazuoni, aliushambulia utalii kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa unachukua umbo la utamaduni na kuacha watu wake.

Pingamizi la pili ni la umiliki. Nani ana haki ya kuyachora na kuyatungia mavazi haya? Swali ni halali, hasa kwa mwandishi wa lugha nyingine kama mimi. Lakini halijibiwi kwa kuangalia pasipoti peke yake. Kazi iliyofanywa na Wahawaii wenyewe ndiyo inayoweka kipimo. Jarida la ʻŌiwi, lililoanzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya waandishi asilia wa Hawaii, liliweka sanaa ya macho na maandishi pamoja. ʻĪmaikalani Kalahele, mshairi na mchoraji, alitoa mwaka 2002 kitabu kiitwacho Kalahele ambamo mashairi na michoro yake vinakaa bega kwa bega, kimoja kisiwe mtumishi wa kingine. Msanii wa nje anayeingia uwanja huu anaingia kama mgeni nyumbani kwa watu wenye kawaida zao, na adabu ya mgeni inaanza kwa kutaja mahali, watu na miiko kwa majina yake. Kanuni ya kusemesha, niliyoitoa juu, inasaidia hapa pia. Anayelisema vazi katika nafsi ya tatu anaweza kujificha nyuma ya elimu. Anayelisemesha analazimika kujitambulisha ni nani anayezungumza, naye atapimwa kwa jibu hilo.

Mbali na pingamizi hizo, kuna hatari iliyo ndani ya hoja yangu mwenyewe: kwamba kusemesha kugeuke mtindo tu, na kila ubeti uanze na "ewe". Nafsi ya pili peke yake haitoshi. Malkia hakuwa na "ewe" katika mfarishi wake, alikuwa na tarehe na majina, maneno makavu kama ya kibandiko chochote. Kilichoyapa uhai ni kwamba kila jina lilikuwa la mtu aliyeweza kuadhibiwa kwa kuwa upande wake, na kila tarehe ilikuwa dai la kisiasa dhidi ya serikali iliyokuwa ikimlinda mlangoni. Neno lake lilikuwa na anayeambiwa, na lilikuwa na gharama.

Hitimisho

Mavazi ya jadi ya Hawaii hayakuwa yakisubiri mshairi aje kuyapa maneno. Yalifungwa kwa wimbo na kusukwa kwa nasaba, na yaliponyang'anywa sauti yakapokea herufi kupitia sindano ya mwanamke aliyefungwa. Mkusanyaji naye aliyapa maneno, ya aina nyingine, na urithi wake ungali na nguvu kwa sababu unafanana na elimu. Kazi mpya ya mchoro na shairi inasimama kati ya urithi wa aina hizo mbili, na haiwezi kukwepa kuchagua.

Uchaguzi huo una matokeo ya vitendo. Mhariri anayepokea kazi ya aina hii na aanze kwa kufunika nusu moja, kisha nyingine, aone kama kuna kilichopotea. Mwalimu wa fasihi anayefundisha uhusiano wa picha na neno na aweke mfarishi wa Liliʻuokalani kando ya kitabu cha Shaw kabla ya kufika kwenye nadharia. Makumbusho yanayorudisha majoho, kama Te Papa ilivyofanya mwaka 2020, yajiulize pia yanarudisha maneno gani pamoja nayo, kwa sababu joho likirudi na kibandiko chake cha zamani litakuwa limebadilisha kabati tu. Na msanii aliyemaliza kuchora pāʻū, kabla ya kuandika neno la kwanza la shairi lake, na aseme ni nani anayejifunga nguo hiyo na anakwenda kucheza mbele ya nani. Asipoweza kusema, auache mchoro wake peke yake, maana shairi lolote atakaloliweka hapo litakuwa kibandiko.